Doti za Bagamoyo Katika Upepo wa Mpwapwa

Kila tunapoingia duka la nguo hapa Mpwapwa na kuomba doti moja ya kanga, tunatamka neno ambalo wazee wa nchi hii walilitumia kutoza ushuru. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ilipita hapa, ikapumzika kwa ajili ya maji na chakula, kisha ikazama Ugogo, ambako watemi hawakumruhusu mtu kuendelea mpaka alipe hongo. Hongo ile ililipwa kwa nguo, na nguo zilipimwa kwa mikono: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zikafanya doti. Merikani, kaniki, barsati, hayo yalikuwa majina yanayojulikana katika nyanda hizi kavu kabla haijajengwa boma wala reli. Henry Morton Stanley, aliyepita Mpwapwa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alisafiri na marobota ya nguo, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa fedha za njiani.

Tumeanza na habari hii kwa sababu tumekuwa tukiulizwa, na wala si mara moja, kwa nini watu wa nyumba yetu huvaa kama watu wa pwani. Wengine huuliza kwa kupenda. Wengine huuliza kwa namna ile ambayo swali lenyewe huwa ni karipio: kwamba Wagogo na Warangi wana nini na makubadhi, na kwamba tunajipendekeza kwa Waswahili. Tumeona tuwajibu kupitia ukurasa huu wa familia, maana tunaamini ziko nyumba nyingine za bara zinazoulizwa vivyo hivyo.

Sisi ni mume na mke, wazaliwa wa wilaya hii. Mmoja ni Mgogo, mwingine ni Mrangi ambaye wazee wake walihamia kutoka Kondoa. Dada wa mume aliolewa Bagamoyo miaka mingi iliyopita. Tangu kifungua mimba wetu aanze kutembea, kila mwaka Mwenyezi Mungu anapotujaalia, shule zikifungwa tunakwenda kwa shangazi wa watoto kwa muda wa wiki mbili. Basi huondoka alfajiri, likapita Kongwa, likaingia barabara kuu, Kibaigwa, Gairo, Morogoro, Chalinze, kisha tukageuka Msata na kuteremka baharini. Kabla ya jua kutua watoto huwa wamekwisha kulowa maji ya chumvi mpaka magotini. Wapagazi wa zamani waliichukua safari hiyo kwa wiki nyingi, na mizigo mabegani.

Jina la mji ule husimuliwa kwa njia mbili. Wapo wasemao ni bwaga moyo, kwa kuwa mpagazi aliyefika salama aliutua moyo pamoja na pembe. Na wapo wasemao kuwa mtumwa aliuacha moyo wake pale kabla ya kupakiwa jahazini. Watoto wetu tumewafundisha simulizi zote mbili, maana mji ule uliyaona yote mawili.

Kinachotuvuta Bagamoyo, ukiacha bahari, ni namna watu wake wanavyovaa. Hatusemi wanavaa vya gharama. Ukifika soko la samaki asubuhi, utawaona kina mama wanaonunua samaki wa kukaanga wamejifunga kanga zilizopauka kwa chumvi na jua, vibwebwe vimekaza viunoni, na hakuna hata mmoja aliyevaa ovyo. Baada ya Alasiri, jua linapolegea juu ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, watu wale wale hutoka wamekoga, wamebadilisha, wamenukia udi, wakakaa barazani. Mavazi yao hayamwambii mtazamaji kwamba wana fedha. Yanamwambia kwamba wanamheshimu.

Shangazi wa watoto ndiye mwalimu wetu katika elimu hii, ingawa mwenyewe hajui kwamba anafundisha. Sanduku lake si kubwa. Lakini kila doti iliyomo ina kazi yake: ya jikoni, ya sokoni, ya msibani, ya harusini. Kanga mpya haivai hata siku moja kabla ya kuifua, maana wanga wa kiwandani huifanya isimame kama karatasi, na kwake kanga inayosimama ni kanga isiyojua kazi. Huikata doti katikati kwa mkasi, akaipinda kingo zote mbili kwa mkono, uzi wa rangi ya pindo lenyewe. Kanga isiyopindwa kwake ni sawa na mtu aliyetoka nje bila kunawa uso. Akijifunga, pindo la chini hukaa sawa pande zote, na jina la kanga huja nyuma, mahali ambapo wanaomfuata watalisoma. Tena hulichagua jina hilo kwa hadhari. Kwenda kwa wakwe huvaa kanga yenye dua au shukurani. Zile zenye mafumbo ya kumpiga jirani huzitumia kufungia maandazi, na tumemsikia akisema kuwa mafumbo hayo yamemharibia ndoa zaidi ya mtu mmoja.

Mumewe, shemeji yetu, ana kofia mbili tu za kushona kwa mkono. Moja ikiwa kichwani, nyingine imefuliwa na kutiwa wanga, imefunikwa juu ya bakuli ili ikauke kwa umbo lake. Kanzu ya Ijumaa haitumiki siku nyingine yoyote. Nyumbani huvaa kikoi na fulana nyeupe, na akiitwa mlangoni ghafla hana haja ya kukimbia kubadilisha.

Basi sisi tuliporudi Mpwapwa, mwaka hadi mwaka, tulirudi na tabia hizo kidogo kidogo. Tukapunguza nguo. Tukaacha kununua mitumba ya kujaza kabati. Kila mwanamke wa nyumba yetu ana doti zake chache zilizopindwa, na kila mwanamume ana kanzu ya Ijumaa. Hatukuona kwamba tunatoka katika mafundisho ya dini yetu, bali tunayakaribia. Katika Suratul A'raf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatukumbusha kwamba ametuteremshia vazi la kusitiri na vazi la pambo, kisha akalitaja vazi la ucha Mungu kuwa ndilo bora. Na Mtume wetu (s.a.w.), alipoulizwa kuhusu mtu apendaye nguo yake iwe nzuri, hakulihesabu hilo kuwa ni kiburi, kiburi alikieleza kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Lakini Mpwapwa si Bagamoyo, na vazi lina nchi yake. Kule kanzu nyeupe huchafuliwa na jasho. Hapa huchafuliwa na vumbi jekundu kabla mtu hajafika msikitini. Maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni haitoi povu, na buluu ya kufulia isipokorogwa vizuri huacha madoa kama ramani. Mume ameamua kushona kanzu ya pili, ya rangi ya udongo mkavu, kwa siku za upepo, na hiyo nyeupe haitoki kabatini isipokuwa Ijumaa na Idd. Makubadhi nayo hayakuziweza njia zetu. Mwiba wa mgunga hupenya ngozi ile kama sindano, basi kijana wetu huvaa kanzu na makatambuga ya tairi, na tunakiri kwamba yamempendeza. Ama kanga, mwezi wa Juni na Julai upepo unaposhuka kutoka milima ya Kiboriani, mwanamke wa Mpwapwa anayevaa kanga peke yake ana ujasiri wa ajabu. Sisi huvaa sweta chini yake. Shangazi alipoliona sweta hilo katika picha alicheka mpaka akakata simu.

Tumepanda na mwasumini ndani ya debe, karibu na mlango wa uani, tukaumwagilia maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo. Maua yake ni machache, hayatoshi kikuba kimoja.

Hayo ndiyo mepesi. Zito lilikuja mwaka juzi, kwa binti yetu wa pili, aliyekuwa na miaka 17.

Alikuwa amekwenda na binamu zake dukani, kule pwani, kutafuta nguo ya Idd. Muuzaji alimtazama jinsi alivyojitanda mtandio wake, akamwambia msaidizi kwa sauti ya kusikika kwamba huyu ni wa bara, amtolee zile za bei ndogo. Binamu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ni kicheko cha wasichana tu, lakini mtoto alirudi nyumbani amenyamaza, na ukimya huo ukasafiri nasi njia yote mpaka Mpwapwa. Wiki ya pili akaomba anunuliwe baibui jeusi la Dubai, lenye mawe ya kung'aa mikononi, kama wanayovaa wasichana wa rika lake kule. Tuliulizia bei. Ilitosha kununua doti saba za kanga. Tukajikuta tunahesabu kwa doti, kama watemi.

Usiku ule mama yake alimweleza habari za shangazi na sanduku lake, na uzuri wa kuwa na vichache vilivyotunzwa. Binti alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "binamu zangu hawavai tena kanga za shangazi. Wanavaa za Dubai. Ninyi mnaifuata Bagamoyo ya zamani."

"Na hao wa Dubai, mwanangu, wanamfuata nani?" baba yake akauliza.

"Sijui, baba. Mimi sitaki kumfuata mtu. Nataka nisichekwe."

Kwa neno hilo hakuna mzazi aliye na jibu la haraka. Na hapa sisi wawili hatukukubaliana, wala mpaka leo hatujakubaliana. Mmoja wetu aliona kwamba anunuliwe tu, kwa kuwa aibu ya msichana wa miaka 17 ni jeraha la kweli na fedha hutafutwa. Mwingine aliona kwamba ukimnunulia mtoto vazi ili asichekwe, utamnunulia jingine mwakani, maana wachekaji hawaishi.

Aliyelisikia jambo hili bila kuulizwa ni bibi, mama mzazi wa mume, ambaye anaishi nasi. Ni Mgogo aliyeingia katika Uislamu alipoolewa, na amekwisha kupita miaka 70. Asubuhi yake alimwita mjukuu chumbani. Kutoka chini ya sanduku la bati akatoa kitambaa cheusi, kizito, kilichochakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa kaniki ya mama yake.

"Mama yangu aliambiwa na mama yake kwamba zamani walivaa ngozi," alimwambia. "Siku mwanamke alipoletewa kaniki na mumewe, kijiji kizima kilijua kwamba ameolewa na mtu. Mama alikuwa nayo hii. Hakuna aliyemcheka."

Binti akaenda kumpigia shangazi simu kumweleza. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akamwambia jambo ambalo hata sisi hatukuwahi kulisikia kwake: kwamba mama mkwe wake, marehemu sasa, hakukubali kaniki iingie nyumbani mwake, hata ya kufutia sakafu, kwa kuwa alisema ina harufu ya utumwa.

Wote wawili, bibi na mkwe yule, walisema kweli. Pwani na visiwani, kaniki, ile nguo ya pamba iliyochovywa nili nyeusi, ilikuwa vazi la watumwa wa kike na maskini. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliitupa kaniki, wakakimbilia kanga za rangi, ambazo zilikuwa bado changa. Zilitokana na leso zilizounganishwa zikawa nguo moja. Baadaye wakaliingia na buibui, lililokuwa vazi la mabibi. Majina juu ya kanga yaliongezwa katika karne ya 20, na wengi humhesabu Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye watu walimwita Abdulla, kuwa ndiye aliyeyaanzisha. Kwa hiyo kanga ile tunayoiona kama utulivu wa shangazi ilianza kama tangazo la mtu kwamba sasa ni muungwana. Huku kwetu, mwisho mwingine wa njia ile ile, kitambaa walichokitupa wao kilikuwa malipo ya mtemi na fahari ya bi harusi.

(Siku hizi, kwa masikitiko, ukiomba kaniki dukani muuzaji hukutazama mara mbili. Waganga wameiharibia jina.)

Tukaona tumsimulie binti yetu na habari ya Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wa Bagamoyo humwita Sheikh Ramiya. Huyu aliletwa pwani kutoka bara, upande wa Manyema, akiwa mtoto, tena mtumwa. Akasoma. Akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na mpaka alipofariki mwaka 1931 watu walimiminika kwake kutafuta elimu. Maulidi ya Bagamoyo bado yanabeba jina la nyumba yake. Katika mji ambao heshima ya mtu ilisomwa kwenye kofia na kanzu yake, watu wa kofia na kanzu walikaa chini mbele ya mtu wa bara. Binti alisikiliza habari hiyo pia. Akauliza kama Sheikh alichekwa alipokuwa mdogo. Tukamwambia kwamba bila shaka alitendewa makubwa kuliko kuchekwa.

Hatuwezi kudai kwamba masimulizi haya yalimponya. Alikwenda shule, akarudi, akakaa kama mwezi. Kisha akachukua fedha zake za Idd, akanunua kitambaa cheusi cha kawaida hapa sokoni, akampelekea fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na stendi. Akamwagiza baibui pana, lisilo na jiwe hata moja. Kwenye mikono na ukosi akataka pindo la kisutu, ile kanga ya kale ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo pwani humvika bi harusi. Fundi alikataa mara mbili, akisema kwamba mambo hayo hayaendani. Mara ya tatu alishona, kwa sharti kwamba asitajwe.

Bibi alipoliona alilipapasa kwanza mkononi, kupima uzito. Akasema kitambaa ni chepesi, halafu akaliomba alivae yeye kidogo.

Yapo maneno ambayo yamesemwa juu yake hapa mjini. Jirani mmoja ameona kwamba baibui na nakshi haviingiani, kwamba weusi wake ungetosha. Tumemsikiliza, maana ni mtu wa dini na amesema kwa nia njema, lakini ukubwa wa pindo lenyewe hauzidi vidole vinne, na hatudhani kwamba linamwita mtu. Mama mkubwa wake wa Kondoa kwa upande mwingine amelalamika kwamba jeusi halimfai msichana mdogo na angevaa dera la maua. Ukiwa na binti, ndugu msomaji, unalijua hili: hakuna vazi linalopita bila baraza.

Tunapoifikiria miji hii miwili tunaona imefanana kuliko watu wanavyodhani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, kisha mwaka 1891 makao yakahamishiwa Dar es Salaam. Mpwapwa ilikuwa kituo kikuu cha misafara. Reli ya kati ilipokuja, ikafika Dodoma mwaka 1910, ilipita Gulwe na kutuacha pembeni. Yote miwili ilizoea kuwaona wageni wakipita, na ghafla wageni wakashika njia nyingine. Labda ndiyo sababu tunastarehe kule. Ni mji usioharakisha, ambao umebaki na adabu zake baada ya fedha kuondoka.

Mwaka huu tulikwenda tena, wiki moja baada ya Idd. Binti yetu, ambaye sasa anasubiri kwenda chuo, alivaa baibui lake siku ya kwanza, akaenda na binamu zake ufukweni. Mmoja alicheka, kama tulivyotarajia, akasema linafanana na la bibi yake. Mwingine aliushika mkono wa vazi akaugeuza ndani nje kutazama mshono. Jioni shangazi akaja na mkanda wa kupimia na daftari.

Vipimo vitatu vimerudi nasi Mpwapwa. Fundi, ambaye sasa anataka atajwe, amepandisha bei na kudai kisutu kiletwe kwa doti nzima, siyo mabaki. Binti anabishana naye kila siku akitoka sokoni. Mzigo umeahidiwa kupelekwa na basi la Jumamosi, kama cherehani yake haitaharibika tena.